Saa Hazinyamazi

Ndugu zangu, Tamari binti Daudi alipodhulumiwa na Amnoni alitia majivu kichwani, akaenda zake akilia kwa sauti. Na Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, alimshauri nini? Anyamaze! Someni 2 Samweli 13 yote, muone jinsi ukimya ule ulivyolipiwa kwa damu.

Sasa nawauliza, kina mama wa kanisa: Tamari wa leo akikubishia hodi alfajiri, utamwambia nini? Ukimnyamazisha yeye, saa hazinyamazi.

P2 mnaijua, dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Msiinamishe macho! Ni levonojestreli, miligramu 1.5 kwa jumla. Ikiwa ni vidonge viwili, avimeze vyote pamoja. Ameze ndani ya saa 72 tangu tendo, na mapema ndiyo bora, maana makali yake hupungua kila siku inayopita. Akitapika kabla ya saa 2 kwisha, ameze upya. Kama anatumia rifampisini ya kifua kikuu, amwambie mhudumu, kwa kuwa dawa hiyo huidhoofisha P2. Na siku ya nne je, au ya tano? Asikate tamaa, aende kliniki akawekewe kitanzi cha shaba, kile mnachokiita koili. Hicho ndicho chenye uhakika kuliko vidonge vyote.

"Lakini mama, si ni kutoa mimba huko?" La, hasha! Mbegu ya mwanamume huweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hata siku 5, ikilivizia yai. P2 hulichelewesha yai lisitoke. Mimba ikiwa imeshaingia, P2 haiitoi. Basi anayesimama madhabahuni na kuiita uuaji, kwanza akamuulize muuguzi.

Nami nina langu la kutubu. Siku moja nilikuwa dukani kwa kemisti, nimeshika chupa ya dawa ya kikohozi. Mbele yangu binti alikuwa ameikunja noti ya mia mbili mpaka ikawa kama kijiti. Akanong'ona. Muuzaji akapaaza sauti: "P2? Umri gani wewe?" Foleni nzima ikageuka. Binti akatoka mikono mitupu. Nami, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, nilikuwa nikisoma kalenda ukutani. Kalenda ya mwaka uliopita!

Wake za watu, nanyi sikieni. Kondomu hupasuka hata katika ndoa takatifu. Ila P2 si karanga za kutafuna kila wikendi. Haitakuua, lakini njia ya kawaida ya kupanga uzazi hukinga vizuri zaidi.

Na aliyebakwa, usimpeleke dukani ukadhani umemaliza. P2 haizuii Ukimwi. Mpeleke hospitali, asioge, nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Huko atapewa dawa za kuzuia virusi, nazo pia zina saa 72 za kuanzwa, kisha azimeze siku 28. Matibabu yatangulie, habari za polisi zifuate.

Karatasi hii mnaisoma Jumapili. Aliyeumizwa Ijumaa saa nne usiku, mwisho wake ni kesho saa nne usiku. Nipo pale nyuma karibu na mlango mdogo. Nauli ninayo.