Muhula wa Kadhi na Barua Isiyojibiwa

Bismillahi Rahmani Rahim. Ndugu zetu Waislamu, wake kwa waume, tumeulizwa mara nyingi katika darsa zetu habari ya karatasi zitokazo mahakama ya kadhi katika kesi za talaka, na siku ziandikwazo humo za kujibu. Basi tumeona ni wajibu wetu tuseme machache, kwani watu wanadhulumiana kwa kunyamaza, kisha kunyamaza huko wakakuita subira.

Bwana mmoja wa mtaani kwetu aliletewa karatasi ya namna hiyo. Mkewe alikuwa ameomba ndoa ivunjwe, akidai kwamba muda wa zaidi ya mwaka hakupewa chakula wala kivazi. Siku za kujibu zilikuwa zimeandikwa waziwazi. Yule bwana akaikunja karatasi, akaitia chini ya godoro, akasema, "Talaka i mkononi mwangu mimi, kadhi ataniuliza nini?" Siku zikapita. Kadhi akamsikiliza aliyehudhuria na mashahidi wake, akaivunja ndoa. Ndipo bwana alipotujia baada ya Magharibi, amechukua hesabu ya pesa alizokuwa akizipeleka kila mwezi kwa mama mkwe. Hoja alikuwa nayo. Pengine ingekubaliwa, pengine isingekubaliwa. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini kadhi hawezi kuhukumu kwa yaliyo chini ya godoro. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kumhukumu asiyehudhuria ni jambo linalojulikana, lina mlango wake katika vitabu vya fikihi.

Wako wasemao kwamba mambo ya kuwekeana siku ni ada za Wazungu, tumeletewa pamoja na bendera yao. Hayo ni maneno ya asiyesoma. Sayyidna Umar (r.a.) alipomwandikia Abu Musa al-Ashari barua mashuhuri juu ya kazi ya ukadhi, alimwagiza kwamba mwenye kudai haki ambayo ushahidi wake haupo karibu awekewe muda. Akiuleta ushahidi katika muda huo, apewe haki yake. Asipouleta, hukumu ipite juu yake. Na Mwenyezi Mungu mwenyewe amemwekea mume muhula katika Sura ya Baqara, aya ya 226: aliyeapa kutomkaribia mkewe ana miezi minne, kisha hana budi kurejea au kuacha. Hakuachiwa akae atakavyo.

Na hapa nataka wanaume wenzangu wanisikilize vizuri, kwa sababu wengi wanaonyamaza hawanyamazi kwa kutojua. Hunyamaza kwa kusudi, ili kesi iahirishwe, na iahirishwe tena, na mwanamke abaki si mke wala si mtalaka. Qurani katika Sura ya Nisaa, aya ya 129, imekataza mke kuachwa kama kitu kilichotundikwa, na katika Baqara, aya ya 231, imekataza kumzuia mwanamke kwa ajili ya kumdhuru. Mtu asali safu ya kwanza, na nyumbani kwa wakweze kuna binti wa watu amemtundika mwaka wa pili! Hata yule asiyetaka kuhukumiwa na kadhi, kwani Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, yampa kadhi mamlaka juu ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye, basi naye aandike kwamba hakubali. Hilo nalo ni jibu.

Sasa, barua yenyewe iandikweje? Wengi huandika kurasa nne za matusi na historia ya ukoo. Kadhi hahitaji hayo. Juu iwekwe tarehe. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliletewa hati ya deni ambayo muda wake ni Shaabani, akauliza: Shaabani ipi? Hii tuliyo nayo, iliyopita, au ijayo? Na hiyo yatajwa kuwa miongoni mwa sababu za kuwekwa mwaka wa Hijra. Baada ya tarehe, itajwe nambari ya kesi na majina ya mdai na mdaiwa kama yalivyo katika karatasi ya mahakama. Kisha maneno yenyewe, nayo si mengi:

"Kwa Mheshimiwa Kadhi. Assalamu alaykum. Karatasi ya mwito katika kesi hii niliipokea tarehe fulani, na muda wa kujibu unakwisha tarehe fulani. Naomba kuongezewa siku kumi na nne, kwa sababu niko safarini kikazi na cheti changu cha ndoa kimebaki nyumbani. Nakala ya barua hii nimempelekea mdai. Wassalamu."

Sababu iwe ya kweli, na siku zitajwe idadi yake; asiseme "nipe muda kidogo." Ipelekwe kwa karani wa mahakama, si nyumbani kwa kadhi usiku, wala isipitishwe kwa mjomba anayemjua. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, nayo ihifadhiwe. Na ajue mwandishi kwamba kuomba siku si kupewa siku. Maadamu kadhi hajaruhusu, muhula wa kwanza ungali unakwenda. Kwa hiyo aandike mapema, wala asikae nyumbani akidhani barua imemfungulia njia.

Tarehe yataka kuangaliwa zaidi katika barua ya talaka. Kwa Mashafi, talaka iliyoandikwa bila kutamkwa ni kinaya, yaani yategemea nia ya mwandishi. Ikiwa aliikusudia, eda yahesabiwa tangu ilipopita, wala si tangu mwanamke alipopata habari. Basi fikiri hali ya mwanamke aliyeletewa kikaratasi kutoka Ghuba, hakina siku wala mwezi. Ajuaje kama yumo edani au ametoka? Mume akidai kwamba alimrejea, alimrejea kabla ya eda kwisha au baadaye? Nimeona jamaa mbili zilizokuwa zikila sinia moja zikikatana kwa kikaratasi kama hicho.

Mwenye kuhukumiwa naye hakuridhika, ana rufani katika Mahakama Kuu, na sheria yampa siku 30 tangu siku ya hukumu. Yule bwana wa godoro alikuja kwetu siku ya ishirini na sita. Tulimwambia aende kwa wakili asubuhi ile ile, akaenda.

Aliye na karatasi asiyoifahamu, mwanamume au mwanamke, na aje nayo darsani baada ya Isha. Wako vijana wetu wajuao kuandika, watamwandikia bila ya malipo. Lakini aje nayo siku ile aliyoipokea.