Wanaotutazama Bila Kuonekana

Alfajiri ya Agosti, miaka kama 2022 na 2024, kule Bungoma utasikia sioyaye kabla hujaona mtu. Kijana anatoka mtoni uchi, amepakwa litosi, lile tope baridi, na juu ya kichwa amesimikwa unyasi. Haruhusiwi kugeuka nyuma. Nyumbani anasimama wima uani, macho mbele, omukhebi anafanya kazi yake. Akitikisika, watu wameona. Na si watu tu. Kuka wangu alikuwa akisema uwanja ule una wageni wengine, basambwa, waliotutangulia, na hao hufika kabla ya majirani.

Mimi sikusimama uani. Nilitahiriwa hospitalini Kitale, nyuma ya pazia, kwa ganzi, na bado nililia nilipoiona sindano. Hakuna aliyejua. Siku moja nikamsimulia kuka, nikicheka. Yeye hakucheka. Aliuliza tu, "Kwani wao hawaingii hospitali?"

Juzi pesa ziliingia kwenye M-Pesa yangu kimakosa, elfu tatu na mia mbili. Kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa. Mwenyewe alipiga simu mara nne, nikaiacha iite. Nani angejua?

Shida ni jina. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee hutaja marehemu mmoja mmoja, na jina analonyamazia ndilo lake. Mimi nilinyamazia jina la babu yake kuka. Kwa hivyo zile siku mbili nilihisi kama natumia mkono wa mtu mwingine kuiba.

Rafiki yangu wa Umoja anasema hiyo ni CCTV ya kijijini: mtu anayetenda wema kwa sababu anatazamwa si mwema, ni mwigizaji. Ana hoja, sitaki kumruka. Lakini nikimfikiria yule kijana wa uani, kila mtu pale anajua kisu kinauma. Hamdanganyi mtu. Anaigiza mwanaume ambaye bado hajawa, na kwa kuigiza hivyo hadi mwisho, anakuwa. Tena kamera haina hasara ukianguka. Anayekutazama akiwa amekuazima jina lake, aibu yako inamfikia na yeye.

Siku hizi simu ni nyingi uani kuliko wazee, na kijana anajua atakuwa TikTok kabla damu haijakauka. Sijui kama ni macho yale yale. Umati wenyewe pia si wa kuaminiwa: Agosti hiyo hiyo wanaume wa jamii nyingine wamewahi kukimbilia polisi wakiogopa kutahiriwa kwa nguvu, na waliowawinda waliimba na kupiga firimbi wakidai ni mila. Ukiniuliza, mahali kelele imezidi hivyo, hakuna anayekumbuka kwamba wazee wanatazama. Ndiyo maana naliamini zaidi lile pazia la hospitali, pale nilipokuwa peke yangu, au nilipodhani niko peke yangu.

Siku ya tatu nilimpigia mwenye pesa. Mama mmoja, anauza nyanya soko la Chwele. Nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa. Akaniuliza, kwa upole tu, "Sasa kijana, hizi siku mbili ulikuwa wapi?"