Kibanda cha Bata na Sauti ya Ndiyo

Mwaka 2009 Waingereza walisoma katika Daily Telegraph madai ya gharama za wabunge wao. Mmoja, Peter Viggers, alikuwa amedai paundi 1,645 za kibanda cha bata bwawani mwake. Dai lilikataliwa, hakulipwa hata senti. Lakini bata hao ndio waliobaki vinywani mwa watu. Kura ya vita vya Iraq, tarehe 18 Machi 2003, ilipita kwa 412 dhidi ya 149, na majina ya wote yamo katika kumbukumbu za Bunge. Nani anayakariri?

Kuhesabu senti ni haki ya mwenye mali, sibishi. Ila amana kubwa tuliyomkabidhi mjumbe ni ulimi wetu. Na huku kwetu, iwe Dodoma au Chukwani, ukiacha machache, mambo huamuliwa kwa sauti: wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyo mia huwa ndiyo moja, mfano wa kiitikio, na sisi watunzi twaijua raha ya kujificha ndani ya kiitikio. Mafuta ya gari yana stakabadhi, ndiyo haina. Mjumbe akirudi jimboni aweza kuapa kwamba yeye alisema siyo, nasi hatuna la kumjibu.