Bei Iliyoandikwa na Bei ya Kupatana

Je, muuzaji atajaye shilingi elfu mbili, hali akijua moyoni kuwa ataridhika na elfu moja na mia mbili, amesema uongo? Wanachuo wangu waliniuliza swali hili mara nyingi katika vipindi vya maadili, na kila nilipodhani nimelimaliza lilizaliwa upya. Lilinirudia kwa nguvu mwaka 2014, nilipokaa kwa binti yangu jijini London na kupewa kazi ya kwenda sokoni kila Jumamosi.

Soko lenyewe ni la Ridley Road, katika kitongoji cha Dalston, mashariki mwa jiji. Ni mtaa mmoja uliopangwa meza za wachuuzi chini ya maturubai, na biashara hapo imekuwapo tangu miaka ya 1880. Mtu wa kwetu hakosi cha kupika: viazi vikuu, ndizi, bamia, pilipili kali. Nyanya na machungwa hutiwa katika mabakuli, na wakati ule bakuli moja lilikuwa pauni moja. Nilipoyaona nilicheka peke yangu, maana halikuwa jambo jingine ila fungu letu la Morogoro lililopewa chombo. Tofauti ni kwamba bei imeandikwa kwenye kipande cha kadibodi, na ni nadra mtu kuijadili.

Waingereza hawakuwa hivyo tangu asili. Katika karne ya 17 nao walipatana bei kama sisi. Waliokataa ni wafuasi wa George Fox, wajiitao Marafiki, madhehebu yaleyale yaliyofungua misheni Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Wao walishika kwamba kutaja bei usiyokusudia kuipokea ni uongo, basi wakataja bei moja na kuisimamia. Mwanzoni walikosa wateja. Baadaye watu wakagundua kwamba hata mtoto akitumwa dukani kwao hapunjwi, na Fox mwenyewe aliliandika jambo hilo.

Hoja hiyo ya mtoto ina uzito kwangu mimi mwalimu. Hata hivyo sikubali kwamba kila apatanaye bei ni mwongo. Uongo ni kusema lisilo kweli ili kumdanganya anayekuamini. Mama muuza nyanya na jirani yake wanajua wote wawili kuwa bei ya kwanza ni hodi tu. Hakuna aliyeiamini, basi hakuna aliyedanganywa. Tena twasema “kupatana”, neno lilelile tulitumialo kwa waliogombana wakarudiana. Katika maneno hayo muuzaji hupata kujua nani ana mgonjwa nyumbani na nani hajalipwa mshahara, na bei ikalegea kwa sababu.

Lakini mlete sokoni hapohapo mgeni asiyejua desturi. Atatajiwa bei ileile, kwa maneno yaleyale, naye atalipa. Yaliyokuwa hodi kwa jirani, kwake yamekuwa uongo, kwa kuwa yeye peke yake aliyaamini. Kule Dalston mgeni nilikuwa mimi, mzee mwenye koti la kuazima na Kiingereza cha vitabuni, na kile kipande cha kadibodi kilinilinda kama ndugu.

Sitaki kuwasifu kupita kiasi. Kadibodi haisemi kilichomo chini ya bakuli, na nyanya zilizopondeka hazikosi njia ya kufika huko. Wala bei moja haimjui mjane. Maskini wa London naye hupatana bei, ila hupatana na saa. Jioni, wachuuzi wakikaribia kufunga, mabakuli mawili yaliuzwa kwa pauni. Nimewaona wazee wenzangu wakizunguka katika baridi ya Januari, wakijifanya kutazama vitambaa, wakingoja. Ni nani aliyehifadhiwa heshima zaidi: huyu asiyelazimika kumwambia mtu shida yake, au mama wa Morogoro aombaye kupunguziwa mbele ya wateja wengine, akapunguziwa? Nimeligeuzageuza swali hili kwa zaidi ya miaka kumi. Naegemea upande wa yule mama, kwa kuwa yeye alirudi nyumbani na nyanya nzima, na mwenzake alirudi na masalio. Naegemea tu, binti yangu, kwa mfano, hakubaliani nami hata kidogo, naye ana haki yake.

Mchuuzi niliyemzoea alikuwa mama wa Kinigeria. Siku moja nilimwuliza, kwa kumjaribu, kama angenipunguzia. Akaonyesha kadibodi kwa kidole. “Baba, pauni ni pauni.” Kisha akatia ndizi mbili zaidi katika mfuko wangu bila kunitazama, akasema kwao hiyo huitwa jara. Nikamwambia kwetu ni nyongeza. Alikwisha mgeukia mteja mwingine.