Mnana si Kwelea

Nikiwa darasa la nne nilipelekwa kwa bibi, Rufiji, kuamia ndege. Nilikaa juu ya dungu na kombeo langu, mpunga umeanza kuiva, na kwangu kila chenye mabawa kilikuwa adui. Siku ya tatu nikamwangusha mmoja, nikamkimbilia bibi kwa mbwembwe. Akamgeuza mkononi, akamtazama mdomo.

"Huyu si kwelea, mjukuu wangu. Huyu mnana jike, wa pale mnazini."

"Si wote wanakula mpunga, bibi?"

"Wanakula. Lakini huyu umemuua kwa kosa la mwenzake."

Kwelea na mnana ni ndugu, ukoo mmoja wa ndege wasukaji. Mnana dume utamjua kwa manjano yake na kichwa cheusi. Jike lake hana kichwa hicho, na akiruka kwa mbali ni rahisi kumdhania kwelea, mpaka uuone mdomo: wa kwelea kwa kawaida ni mwekundu. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Si kitu, eti? Wakija milioni moja, hizo ni tani 10. Hapo mkulima hana cha kujadili.

Tuna methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Zamani niliiona hekima tupu. Siku hizi naiona pia kombeo mkononi mwa mtoto. Hata sumu inayonyunyiziwa kwa ndege jioni, makundi yakishatua kulala, haitazami mdomo wa mtu. Hufa kwelea, hufa na majirani zao, hata mwewe anayekula mizoga.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemtetea mnana kwa kuwa tu si kwelea. Kwani kwelea naye ana kosa gani? Chakula chake hasa ni mbegu za nyasi za porini; zikiadimika ndipo hushuka shambani. Ana njaa, kama sisi. Neno "kosa" ni letu, yeye halijui.

Simlaumu mkulima, wali wa shamba lile ndio ulionikuza. Nasema tu kwamba anayelazimika kuua amtazame kwanza anayemuua. Bibi alimfukia yule mnana kando ya jaruba, akanirudisha dunguni. Mchana ule nilitazama sana, nikarusha mawe machache. Na kwelea, kusema kweli, walikula zaidi.