Je, Uzuri wa Kiumbe Waweza Kuwa na Mwenyewe?

Wako watu Ulaya na Marekani wasioweza kuonyesha Moba katika ramani, nao hulitaja jina la mji huo mara nyingi. Kwao Moba ni samaki. Ndiye frontosa wa buluu, mwenye nundu kichwani na mistari myeusi ubavuni, avuliwaye katika pwani ile iliyo kusini ya Kalemie. Humweka sebuleni ndani ya sanduku la kioo, kama wengine watunzavyo matumbawe ya bahari, ili wamtazame tu. Biashara hiyo si ya jana. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akipeleka ng'ambo samaki hai wa Ziwa Tanganyika kutoka Burundi, na mwaka 1989 alitoa kitabu kikubwa juu yao.

Je, ni haki kumtwaa kiumbe hai kwa ajili ya uzuri wake peke yake?

Mvuvi wa Kalemie aweza kulishangaa swali hilo. Usiku wa giza mitumbwi huwasha taa ziwani, ndakala na mikebuka hutolewa kwa wingi, wala hakuna aonaye dhambi. Ikiwa ni halali kumla samaki, itakuwaje vibaya kumlisha na kumtazama? Hoja hii ina nguvu, lakini yasahau jambo moja. Njaa ina kipimo: aliyeshiba huondoka chunguni (ingawa soko, kweli, halishibi upesi). Tamaa ya macho haina kipimo. Tena hupenda hasa kile ambacho jirani hana. Kadiri samaki alivyo adimu, ndivyo bei yake ipandavyo, na ndivyo azidivyo kuwindwa.

Na katika Tanganyika viumbe adimu ni wengi. Ziwa lina kina cha mita 1,470, na ndani yake mna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa ya frontosa, karibu zote zisizopatikana popote pengine duniani. Miongoni mwao wamo wadogo waitwao Tropheus, wakwaruzao uoto juu ya mawe. Hawa hawavuki kwa urahisi mchanga mpana. Kwa hiyo kila pwani ya mawe ina rangi yake, hapa mkanda wa manjano, kule wekundu. Jike huyaatamia mayai yake kinywani muda wa mwezi hivi, nayo ni machache, mara nyingi hayafiki ishirini. Basi wapiga mbizi wachache wenye nyavu waweza kumaliza ukoo mzima, na rangi ile haitaletwa na ukoo wa jirani.

Lawama ni ya nani? Ni vyepesi kumtupia mpiga mbizi. Yeye hushuka kilindini, akampandisha frontosa kidogo kidogo, maana samaki akipandishwa ghafula kibofu chake cha hewa huvimba na kumwua. Hufanya kazi hiyo ya hatari kwa ajili ya unga na karo ya watoto. Tamaa hakuianzisha yeye. Mnunuzi aliye mbali hayaoni mawe yaliyobaki matupu, lakini kutoona hakumwondolei wajibu wa kuuliza.

Hata hivyo si kila sanduku la kioo ni kosa. Kipande cha tumbawe kilichokatwa hushika juu ya jiwe na kukua, kikakatwa tena, hata watunzaji wakagawana bila kuugusa mwamba wa bahari. Mapatano ya kimataifa ya 1973 nayo hudai kibali kwa matumbawe magumu yavushwayo mipaka. Frontosa na Tropheus pia huzaa ndani ya kioo. Mwenye kumfuga samaki aliyezaliwa humo hakulipunguzia ziwa kitu.

Lakini samaki wa Moba akizalishwa na kuuzwa Ujerumani, jina ni la Moba, na faida haifiki Moba hata senti moja. Mawe yamepona, mpiga mbizi amekosa kazi, na watoto wake bado wadaiwa karo. Mnunuzi mwenye dhamiri safi hajamjibu huyo.