Kuahidi Usichonacho

Kuna swali linaloonekana la mafundi wa kompyuta tu, lakini ni letu sote: je, ni uongo kumwahidi mtu kitu usichonacho, ukijua karibu kila siku hatakuja kukichukua?

Kiini cha Linux hufanya hivyo mchana kutwa. Programu nyingi huomba memori kubwa kuliko zitakayotumia. Brauza hasa, hiyo haina haya. Ombi lisipopita kiasi kabisa, kiini hakibishani. Kinasema poa, chukua. Kumbe hakijatoa kitu. Memori yenyewe hutolewa kidogo kidogo, pale programu inapoigusa kwa mara ya kwanza. Ni kama kutoa kadi za harusi 500 na umepika sahani 300, kwa sababu unawajua watu wako: wengine watakwama Thika Road, wengine watatuma tu kitu kwa M-Pesa. Na siku nyingi hesabu hiyo inakubali. Ndiyo maana laptopu ya mtumba yenye gigabaiti 4, zile wengi wetu tunazimudu, hufungua vitu ambavyo kwa hesabu ya karatasi haingeweza.

Sasa wageni wote wakija? Mashine inaanza kusukumia vitu kwenye diski, inakuwa nzito hadi kipanya kinakwama, na mwishowe anaamka yule ambaye wahandisi wenyewe humwita muuaji. Anazipa programu alama, kisha anaua yenye alama kubwa, ambayo kwa kawaida ndiyo inayokula memori nyingi. Hakuna onyo. Programu haipewi hata sekunde ya kuhifadhi kazi. Afe mmoja, wengine wapone. Mantiki hiyo ni ngumu kuipinga, ila anayekula zaidi mara nyingi ndiye uliyekuwa unafanya kazi naye.

Windows ina tabia nyingine. Jumla ya ahadi zake haiwezi kupita memori iliyopo pamoja na sehemu iliyotengwa kwenye diski. Ikifika hapo inakataa. Programu inayojua kunyimwa inaweza kujipanga. Nyingi, tuseme ukweli, huanguka tu. Na kuna ahadi zinazokaa bila kutumiwa huku mwingine akiambiwa hakuna. Mwenye mashine ndogo ndiye huumia kwanza.

Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema Linux ni tapeli. Ahadi yenyewe hainisumbui. Kinachonisumbua ni kinga. Kila programu ina kipimo kati ya -1000 na 1000 kinachopandisha au kushusha alama yake, na iliyowekewa -1000 muuaji haigusi. Programu ya kawaida inaruhusiwa kujipandishia, yaani kujitoa mhanga, lakini haiwezi kujikinga bila ruhusa ya msimamizi. Baadhi ya huduma za mfumo hupewa kinga hiyo mapema. Sababu ipo, na ni nzuri: mlango anaoingilia fundi ukifa, nani atatengeneza? Lakini hebu sikiliza inavyosikika ukiitoa kwenye kompyuta. Hatari ya ahadi tunaibeba sote, isipokuwa waliokaa karibu na aliyeahidi.

Mpishi akiniambia mlangoni kwamba sahani ni 300, naingia, na nikikosa sitapiga kelele. Brauza haijawahi kuambiwa hivyo, wala mimi niliyeifungua.

Mpangilio wa kuzuia ahadi hizi upo: vm.overcommit_memory, unaandika 2. Wangu bado uko 0.